Kinyaa hakisikii hoja: tunavyoikosea OCD ya uchafu

Siku hizi ukishika simu dakika tano tu utakutana na video fupi ya mtu anapanga viungo kwenye makopo yanayofanana, anafuta meza mara tatu, alafu chini kaandika "jamani OCD yangu hii", OCD yaani obsessive-compulsive disorder, ugonjwa wa akili wa mawazo na vitendo vya kujirudiarudia. Na hakosi wa kumrekebisha, anamwambia bwana OCD sio kupenda usafi, OCD ni ugonjwa, ni mtu kuogopa vijidudu na maradhi mpaka anashindwa kuishi. Huyu wa pili namshukuru kwa moyo wote, sababu angalau kasema neno ugonjwa. Ila na yeye kaishia njiani. Mi nilivyoliona hili jambo ndani ya familia yetu, na nilivyolisoma baada ya hapo, naamini kwa watu wengi wenye OCD ya uchafu kinachowatesa zaidi sio hofu ya kuugua, ni kinyaa. Na kinyaa hakisikii hoja. Ndo maana misaada yetu karibu yote, kumwelewesha, kumhakikishia, kumchotea maji mengine, kumpisha apite bila kuguswa, haimsaidii, na mara nyingi inaulisha ugonjwa wenyewe.

Tuanze na ugonjwa wenyewe kwanza. OCD ina vitu viwili vinavyofuatana, kuna wazo au picha au hisia inayokuja bila kukaribishwa na inarudi na kurudi, alafu kuna kitendo ambacho mtu anajiona lazima akifanye ili ile hisia itulie. Kunawa, kuoga upya, kurudia udhu, kuuliza "una uhakika hujaligusa?", kuhesabu moyoni. Kitendo kinaleta nafuu kweli, na hapo ndipo mtego ulipo, sababu nafuu inakaa dakika chache tu alafu akili inajifunza kwamba bila kunawa hapakaliki. Madaktari huanza kuuita ugonjwa pale unapokula zaidi ya saa moja kwa siku au unapoharibu kazi, masomo, ndoa. Watu kati ya 1 na 3 katika kila 100 hupatwa nao maishani, na wengi huanza wakiwa watoto au vijana. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kwenye mwongozo wao kiliutoa kutoka kwenye kundi la magonjwa ya hofu kikaupa sura yake peke yake, na moja ya sababu ni kwamba sio kila anayerudiarudia anaogopa, wengine wanahisi tu kitu hakijakaa sawa, wengine wanaona kinyaa.

Sasa kinyaa na hofu vinatofautianaje? Chukua kopo la chooni. Nyumba zetu nyingi kopo la chooni na jagi la jikoni vimetoka duka moja, plastiki ileile, saa ingine rangi tu ndo inavitofautisha. Nikikuletea kopo la chooni jipya kabisa, stika ya dukani bado ipo, nikumiminie juisi ya ukwaju humo, utakunywa? Wengi hawatakunywa, na ukimuuliza anaogopa ugonjwa gani hana jibu, anakwambia tu siwezi. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake kule Marekani walifanya kitu cha aina hii, majaribio yao yakachapishwa mwaka 1986, waliweka kwenye juisi mende aliyekufa ambaye alishasafishwa kitaalamu hana kijidudu hata kimoja, watu wazima wenye akili zao wakaelezwa hivyo, na bado hawakuitaka ile juisi. Wale hawakuwa wagonjwa. Hivyo ndivyo kinyaa kilivyo kwa binadamu wote, kinafuata sheria zake, na sheria kubwa ni kwamba vilivyogusana mara moja vimegusana milele.

Kwa mwenye OCD sheria hiyohiyo haina mwisho. Kuna utafiti wa mwaka 2004 wa David Tolin na wenzake ambao nikiukumbuka naelewa kila kitu nilichokiona nyumbani: mtu anaonyesha kitu anachokiona kichafu, kalamu ya risasi mpya inaguswa na kile kitu, alafu kalamu ya pili inaguswa na ya kwanza, ya tatu na ya pili, mpaka kalamu 12. Watu wa kawaida uchafu kwao uliisha njiani, baada ya kalamu kadhaa wakaona basi hapa pasafi. Wenye OCD kalamu ya 12 bado walihisi ina uchafu, ambayo haijawahi kukaribia kitu chenyewe. Hebu ipeleke sasa kwenye nyumba ya Kiswahili: ndala zimekanyaga choo, ndala zimekanyaga korido, mtoto katambaa koridoni, mtoto kapanda kitandani, shuka limeguswa na kanga, kanga imeanuliwa pamoja na nguo zote. Mtu mmoja akibeba mnyororo huo kichwani nyumba nzima inakuwa haina mahali pa kukaa.

Binti wa shangazi yangu alifika hapo. Sitasema mengi maana ni maisha yake, ila nitasema kwamba hakuwa anaogopa kufa wala kuumwa, tulimuuliza sana, akawa anasema "sio kuumwa, najisikia tu mchafu, siwezi kuelezea". Sisi tukawa tunamjibu kwa ushahidi. Tunamwambia pamedekiwa, tunamwambia tumeweka jiki, tunamwambia daktari kasema. Alikuwa anakubali kwa mdomo alafu anarudi bafuni. Mikono ilipasuka mpaka ikawa inatoa damu, akapelekwa hospitali, akapewa krimu ya ngozi, akarudi nayo nyumbani na kuiosha.

Kuna hoja moja nataka kuimaliza mapema sababu ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayosikika zaidi, kwamba haya ni magonjwa ya wazungu, ya watu wenye maji ya bomba moto na baridi na muda wa kujiwazia. Kwanza lugha yetu yenyewe inapinga. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa "wasiwasi wa udhu" ni nini. Neno wasiwasi tumelitoa kwenye Kiarabu, na kabla halijawa la kila jambo linalotutia mashaka, kwa Waislamu lilikuwa na bado ni jina la ule mnong'ono unaomwambia mtu udhu wako umetenguka, nia yako haikukaa, tone limekurukia, rudia. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karne ya 9 huko Balkh ambako leo ni Afghanistan, aliandika juu ya mawazo yanayomganda mtu na kumrudia kama aina ya maradhi ya nafsi yanayojitegemea, mbali na huzuni na mbali na hofu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Alafu upande wa maji, anayesema huu ni ugonjwa wa mwenye bomba hajaishi na mgonjwa kwenye nyumba inayonunua maji kwa dumu. Ukiwa na bomba ugonjwa unajificha, bili ndo itakuja kusema. Ukiwa unanunua dumu la lita 20, au unasubiri boza, au mdogo wako ndo anayebeba ndoo kichwani, kila kuoga upya ni pesa na ni jasho la mtu na ni ugomvi, na mgonjwa anajua hivyo, anaona aibu, na bado hawezi kuacha. Umaskini haumkingi mtu na OCD, unamwongezea tu aibu juu ya mateso.

Hoja ya pili ina uzito na haifai kupuuzwa. Wenzetu wanasema sisi tunaishi kwenye nchi za kipindupindu, mwaka 2020 tukaingiliwa na Covid, Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa huku Kongo ndo inaungua zaidi, kwa hiyo anayenawa sana yupo sahihi, tatizo ni sisi tusionawa. Mi nakubali nusu yake yote. Kunawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula kumeokoa watoto wengi, na kile kibuyu chirizi kilichofungwa nje ya choo cha shule kina heshima yake. Lakini angalia maelekezo ya afya yalivyo: yana wakati na yana kiasi. Ukitoka chooni, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto, sekunde 20, basi. Ukimaliza umemaliza. OCD haina neno "basi" ndani yake. Anayefuata afya ananawa mpaka mikono imekuwa misafi, mwenye OCD ananawa mpaka ajisikie safi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, cha kwanza kinafikika na cha pili hakifikiki. Isitoshe ngozi iliyopasuka kwa kuoshwa mara 60 kwa siku ndo inapitisha vijidudu kirahisi, kwa hiyo hata hiyo afya yenyewe haipati. Shida yangu na kampeni za usafi ni kwamba zinatangaza mwanzo kwa sauti kubwa na hazitangazi mwisho. Sijawahi kuona bango linalomwambia mtu inatosha sasa, funga maji.

Dini iko kwenye hali hiyohiyo, na hapa naona pande zote mbili zinakosea. Wapo wanaosema dini ndo inawaumiza hawa watu kwa habari za najisi na twahara, na wapo wanaosema ni shetani tu, zidisha ibada itaondoka. Kumzidishia ibada mtu ambaye ugonjwa wake umejificha ndani ya ibada ni kumwongezea mzigo, atairudia na hiyo uliyomzidishia. Lakini kuilaumu dini nako ni kutoisoma. Mafundisho ya udhu yana kipimo: imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, mpaka mudi tano. Imepokewa pia kuhusu anayehisi kitu kimemtoka ndani ya swala kwamba asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Wanazuoni wakajenga juu yake kanuni inayofundishwa mpaka leo madrasa, yakini haiondolewi na shaka. Ukiitazama vizuri ile kanuni inakaribiana sana na anachokwambia mtaalamu wa saikolojia: una shaka, endelea nayo, usirudie. Ila kuna tahadhari moja kubwa. Mgonjwa akishajua sheikh fulani anamjibu vizuri atampigia kila siku, leo kuhusu tone, kesho kuhusu shuka, na ile fatwa inageuka kuwa sabuni nyingine. Sheikh mwenye huruma kweli atamjibu mara moja, atamwambia hukumu yako ni hii kwa maswali yote ya namna hii, na kesho akipigiwa hatajibu tena swali lilelile. Hilo ni gumu kwa kiongozi wa dini sababu amezoea kwamba kujibu ndo wema.

Tuje kwenye tiba sasa, maana hapo ndo watu wanashtuka. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa Hospitali ya Middlesex London, alichapisha habari za wagonjwa wawili waliokuwa wameshindikana. Alichofanya ni kuwakutanisha na vile vitu wanavyovikwepa na kuwazuia wasifanye vile vitendo vyao vya kurudiarudia, manesi wakikaa na mgonjwa muda wote akiwa macho, kwa mwenye kunawa hadi bomba za chumbani zikafungwa. Walipata nafuu kubwa. Kutokea hapo mwanasaikolojia Edna Foa na wengine waliijenga ikawa tiba yenye ushahidi mwingi, na leo haifanywi kwa nguvu, mgonjwa mwenyewe anapanga ngazi kuanzia chepesi, labda kushika komeo la geti, mpaka kizito, na katika kila ngazi anagusa alafu hanawi, anakaa na ile hali.

Wanaoipinga wanasema ni ukatili, unamwongezea mgonjwa mateso, na wanatoa mfano wa wataalamu wanaowashikisha watu mpaka ndani ya choo. Mi sio mtetezi wa kila anachofanya kila mtaalamu. Nadhani mtu asilazimishwe kufanya ambalo hata asiye mgonjwa halifanyi, na kwenye mtaa wenye kipindupindu usimwambie mtu anywe maji yasiyochemshwa eti tiba, wala Muislamu usimwambie aswali na najisi ya kweli mwilini. Hakuna haja hiyo. Ya kawaida yanatosha na ni magumu mno: kushika bomba la daladala alafu kula ndizi kwa mkono huohuo, kukaa kitandani na nguo ulizotoka nazo sokoni, kutawadha kwa birika moja na kwenda kuswali huku moyo unapiga kelele rudia. Huo uchungu ni wa wiki kadhaa na unapungua, ule wa ugonjwa ni wa miaka na unaongezeka. Kumnyima mtu tiba kwa kumwonea huruma ya wiki chache sidhani kama ni huruma.

Na hapa ndo tofauti ya kinyaa na hofu inakuwa kitu cha kazi. Hofu ukikaa nayo inashuka upesi kidogo, mtu anaona kagusa, hajaumwa, kumbe si chochote. Kinyaa kinashuka taratibu zaidi, utafiti umeonyesha hivyo mara nyingi, na hakuna tukio la kukiumbua sababu hakikutabiri chochote. Hofu inasema utaumwa, ukingoja usiumwe imeshindwa. Kinyaa kinasema tu hiki kichafu, utakishinda kwa ushahidi gani? Kwa hiyo mtu anaanza tiba, wiki ya pili bado anaona kinyaa kilekile, anasema haifanyi kazi, anaacha. Laiti angeambiwa mapema kwamba kipimo cha kupona sio kinyaa kuondoka, kipimo ni kwamba umekula na kinyaa kipo, umemkumbatia mwanao na kinyaa kipo, umelala kwenye shuka lile na kinyaa kipo. Mama anambadilisha mtoto nepi mara nane kwa siku, kinyaa chake hakikufa, anafanya nacho kazi tu na siku moja anashangaa hakisikii tena. Wauguzi vilevile, wauza samaki pale feri vilevile. Kinyaa kinazoea, ila kwa kurudiwa siku nyingi, sehemu tofauti, na bila kunawa katikati, maana ukinawa hesabu inaanza upya.

Kuna wengine hata hiyo haitawatosha, nao tunawasahau kabisa. Mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza uchafu ambao haujaletwa na kugusa, mtu anajisikia mchafu ndani baada ya kudhalilishwa, kutukanwa, kusalitiwa, kubakwa, akimkumbuka tu aliyemfanyia anakimbilia bafuni. Anasugua ngozi na uchafu hauko kwenye ngozi. Huyo ukimshikisha komeo la geti hujamgusa hata kidogo, anahitaji mtu wa kukaa naye aongee alichofanyiwa na maana aliyoibeba, kwamba uchafu ule ni wa aliyetenda. Kwetu wasichana wanaoanza kuoga mara tano kwa siku ghafla huambiwa wamepatwa na majini au wanaringa. Mi ningeomba kabla ya yote aulizwe taratibu, faraghani, kama kuna mtu kamfanyia kitu.

Kwa familia, naongea kama mmoja wao. Sisi ndo tulikuwa tunachota maji. Tulikuwa tunavua viatu geti la nje, tunafua nguo zetu upya, tunajibu "ndio pasafi" mara 30 kwa siku, na tulidhani huo ndo upendo. Kila jibu lilikuwa sabuni. Lakini usikurupuke kesho ukafunga bomba na kupiga kelele, hiyo inavunja mtu. Mnakaa mnakubaliana naye, akiwa ametulia, kwamba kuanzia leo swali la usafi tutalijibu mara moja, wiki ijayo hatutalijibu, tutakwambia tunajua inauma na tupo hapa. Maji ya kuoga ndoo moja, wiki zijazo nusu. Atakasirika, atalia, na wewe utalia. Shangazi yangu siku ya kwanza aliyokataa kujibu alikaa nje ya mlango wa bafu na binti yake ndani, kila mmoja upande wake, saa nzima.

Dawa zipo pia na si za kuonea aibu. Fluoksetini na ndugu zake, na klomipramini ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya OCD hasa, zinasaidia wengi, ila mara nyingi dozi inakuwa kubwa kuliko ya sonona na inabidi kusubiri hata wiki 12, kwa hiyo anayeacha wiki ya tatu hajaijaribu. Hospitali za Mirembe Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, kuna madaktari wanaoujua huu ugonjwa. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa kinyaa haendi huko, yeye anajiona mchafu, hajioni anaumwa. Anakwenda kliniki ya ngozi kuonyesha mikono. Anakwenda kwa sheikh au mchungaji. Anakwenda famasi kununua krimu. Hao watu watatu wakiwa na swali moja tu mdomoni wangeokoa miaka ya mtu, na swali lenyewe halihitaji mashine wala maabara: unanawa mara ngapi kwa siku, na ukijaribu kuacha inakuwaje?